Watoto Wawili, Kinanda Kimoja: Mwongozo wa Kuwasaidia Watoto Wadogo Kuelewana Wanapocheza na Vyombo vya Muziki vya Umeme

Walimu wa shule za chekechea na wazazi wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huuliza maswali yale yale kila wanapopata kinanda cha umeme, tableti au simu yenye programu ya muziki. Je, ni lazima mwalimu awe anajua kupiga muziki? Kwa nini watoto wanagombana baada ya muda mfupi? Mtoto anayebonyeza ovyo anapata faida gani? Na mwenye simu moja na darasa zima la watoto afanyeje? Nimeona ni heri kuyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili anayeanza asome kutoka juu kwenda chini, na aliyekwisha kuanza aende moja kwa moja kwenye sehemu ya matatizo.

Mwongozo huu haufundishi muziki. Unahusu namna ya kupanga chombo, mahali na wakati ili watoto wa miaka 3 hadi 6 wafikie kuelewana ndani ya mchezo, yaani kila mmoja atambue mwenzake anafanya nini, anatarajia nini na anamwalika kufanya nini, hata kama hakuna neno lililosemwa. Jambo hili lina uzito wake katika mji ambamo darasa moja laweza kuwa na mtoto anayezungumza Mashi nyumbani, mwingine Kirega na mwingine Kihavu, nao wote wanakutana kwa Kiswahili uwanjani na kwa Kifaransa ubaoni. Chombo chenye mambo mengi huwafanya watoto wakitazame chombo, lakini kilichopunguzwa huwafanya watazamane. Kwa sababu hiyo, karibu kila hatua iliyo hapa chini ni ya kuondoa kitu, na mwalimu anayetafuta programu nyingi zaidi anapoteza muda wake.

Nadharia kidogo tu

Colwyn Trevarthen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alichunguza filamu za kina mama na watoto wachanga, akaonyesha kwamba mtoto hupokezana sauti na ishara na mama yake tangu miezi ya mwanzo ya maisha, na kwamba anapokaribia miezi 9 huanza kushirikiana na mtu mwingine kukitazama kitu kimoja. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 anakuja shuleni akiwa tayari anajua kupokezana. Kinachotakiwa ni mchezo usiomzuia.

Mwaka 2009 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha utafiti waliowafanyia watoto wa kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu. Watoto walifuata mapigo ya ngoma vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu aliye mbele yao kuliko walipopiga pamoja na mashine au na sauti itokayo kwenye spika. Mwalimu anayefikiri kwamba kinanda chenye mdundo wake wa kujiendesha kitawafundisha watoto kwenda pamoja akumbuke matokeo hayo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanzisha mdundo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chombo kimoja cha umeme. Kinanda cha vibonyezo 61 kinafaa sana. Tableti inafaa, simu inafaa kidogo kwa sababu skrini yake ni finyu kwa mikono minne.
- Spika moja yenye waya. Sababu yake imeelezwa katika hatua ya 1.
- Adapta ya kinanda ambayo volti zake na mpangilio wa chanya na hasi vinalingana kabisa na maandishi yaliyo nyuma ya kinanda. Adapta za kuokoteza sokoni huingia kwenye tundu bila shida, kisha huunguza chombo.
- Betri, sola au pawabenki iliyojaa, kwa kuwa umeme wa mjini hauna ratiba ya kutegemewa.
- Simu ya pili ya kurekodi sauti, ikiwa katika hali ya ndegeni ili isije ikaita katikati ya mchezo.
- Mkeka, utepe wa kubandika, vipande vya karatasi ngumu, na bidoni mbili tupu za lita 20.
- Daftari na kalamu.

Hakuna haja ya vipokea sauti vya masikioni. Mtoto aliyezibwa masikio amemwacha mwenzake nje ya mchezo.

Tahadhari ya kwanza inahusu betri ndogo za mviringo zinazofanana na kitufe cha shati, ambazo hupatikana katika vinanda vya kuchezea na katika rimoti. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Kama chombo chako kina betri hizo na kifuniko chake hakina skrubu, kizungushie utepe mara kadhaa au usikitumie. Mtoto akishameza, mpeleke hospitali papo hapo, wala usingoje dalili.

Hatua ya 1. Jaribu chombo ukiwa peke yako

Fanya hivyo siku iliyotangulia, watoto wakiwa hawapo. Washa kinanda au tableti, unganisha spika, kisha bonyeza mara moja na usikilize. Sauti inapaswa kutoka sawia na kidole kinapogusa. Spika zisizo na waya huichelewesha sauti, na mara nyingi ucheleweshaji huo hupita sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mtu anayesikiliza wimbo hilo si kitu, lakini kwa mtoto anayejaribu kumjibu mwenzake ni tatizo kubwa, kwa sababu anaona kidole cha mwenzake kikigusa na sauti haijatoka. Inapotoka, yeye ameshaanza yake. Watoto wawili hawawezi kujua nani amefanya nini, na mchezo huvunjika bila yeyote kufahamu sababu. Waya wa bei nafuu kutoka soko la Kadutu utakusaidia kuliko spika nzuri ya bluetooth.

Ukitumia tableti, ifungie kwenye programu moja. Simu na tableti za Android tangu toleo la 5 zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini ili mtoto asitoke kwa bahati mbaya, na iPad nayo ina mpangilio kama huo katika sehemu ya urahisi wa kutumia. Chagua programu inayofanya kazi bila intaneti na isiyo na matangazo. Tangazo moja likichomoza, watoto wote wawili wanageuka kuwa watazamaji.

Hatua ya 2. Punguza sauti za kuchagua, na ondoa zile zisizofaa hapa kwetu

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naomba uisome mara mbili.

Kinanda cha kawaida kina mamia ya sauti. Mtoto akiachiwa kitufe cha kubadilisha sauti, atakibonyeza hicho tu, na mwenzake atabaki kungoja zamu isiyokuja. Chagua sauti mbili zinazotofautiana wazi, kwa mfano ya filimbi na ya marimba. Vinanda vingi vina uwezo wa kugawanya ubao katika sehemu mbili, kushoto sauti moja na kulia sauti nyingine. Tumia uwezo huo. Watoto wawili wakipiga sauti inayofanana, wanaposikia mlio hawajui kama ni wangu au ni wako, na mtu hawezi kumjibu mwenziwe ikiwa hajui mwenziwe amesema nini. Mmoja akiwa filimbi na mwingine marimba, kila mlio una mwenyewe.

Kisha funika kwa karatasi ngumu na utepe sehemu yote ya juu yenye vitufe: kitufe cha nyimbo za maonyesho, kitufe cha mdundo wa kujiendesha, na swichi ya kuzimia. Acha vibonyezo peke yake. Ukitaka kila watakachopiga kisikike vizuri pamoja, waelekeze kwenye vibonyezo vyeusi tu. Katika ubao wa vibonyezo 61 vipo 25, vikiwa vimejipanga kwa makundi ya viwili na vitatu. Noti hizo ni tano kwa kila oktava, yaani kwa kila kundi la vibonyezo 12 linalojirudia ubaoni, na haziumani masikioni hata zikipigwa kwa pamoja bila mpango. Bandika kipande cha utepe wa rangi katikati ili kuonyesha mpaka.

Sasa jambo ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji. Orodha ya sauti iitwayo General MIDI, iliyotolewa mwaka 1991 na kutumiwa katika vinanda vingi hadi leo, ina sauti 128. Sauti ya 126 ni helikopta, na ya 128, ambayo ndiyo ya mwisho, ni mlio wa bunduki. Programu nyingi za ngoma za kwenye simu nazo zina milipuko. Katika miji mingine mtoto akiipata sauti hiyo anacheka. Kwa Bukavu, Goma na vijiji vinavyotuzunguka sina haja ya kueleza kwa nini mtoto mmoja anaweza kujificha chini ya meza wakati mwenzake anaendelea kubonyeza akidhani ni mchezo. Pitia sauti zote za chombo chako, tambua zilipo sauti za aina hiyo, na uhakikishe vidole vya watoto haviwezi kuzifikia. Kama huwezi kuziondoa katika programu, tafuta programu nyingine.

Ukubwa wa sauti nao upimwe. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, mwaka 2019 waliweka kiwango cha desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kipimo cha usalama kwa watoto wanaotumia vifaa vya kusikilizia. Wengi wetu hatuna kipimo cha desibeli. Kaa umbali wa mkono mmoja na mtu mwingine huku chombo kikilia. Ukilazimika kupaza sauti ili usikike, punguza.

Hatua ya 3. Tayarisha mahali

Tandika mkeka mbali na mlango. Weka kinanda chini, au juu ya meza fupi, kwa namna ambayo watoto wawili watakaa pembeni wakiwa wamegeukiana kidogo, mabega yao yakifanya kona. Wakikaa sambamba wakitazama ukuta, itawabidi wageuze shingo kila mara ili kuonana nyuso, na hawatafanya hivyo. Kwa tableti, ilaze bapa sakafuni katikati yao, nao wakae wakitazamana. Kuiegemeza ukutani kama televisheni ni kosa, na ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote.

Nyaya zipite nyuma ya mkeka na zibandikwe sakafuni. Spika iwe karibu na chombo, ili sauti itoke pale mikono ilipo.

Tangu Septemba hadi Mei mvua yetu haina huruma, na madarasa mengi yameezekwa mabati. Mvua ikianza kupiga, acha mchezo huu uende siku nyingine. Ukiongeza sauti kushindana na mabati utawachosha watoto bure.

Hatua ya 4. Wapange wawili wawili

Wawili ndio idadi ya kuanzia. Watatu huwezekana baadaye, wanne hugeuka foleni. Mwalimu mwenye watoto 40 asikate tamaa: wakati wengine wanachora au wanacheza na udongo chini ya uangalizi wa msaidizi, jozi moja inakaa kwenye mkeka kwa dakika 10, na kwa wiki mbili au tatu darasa zima linakuwa limepita. Usiwaruhusu wengine wasimame kuzunguka wakitazama, kwa sababu mbele ya watazamaji mtoto anapiga kwa ajili ya kusifiwa na kumsahau mwenzake.

Jozi ya kwanza iwe ya watoto wanaopendana. Baadaye changanya: mwenye maneno mengi na mkimya, mwenye kuzungumza Mashi na asiyeyajua. Tofauti ya umri isizidi mwaka mmoja na nusu au miwili, maana mkubwa sana atageuka mwalimu. Ndugu wa tumbo moja usiwaanzishe pamoja. Wanaleta mkekani desturi za nyumbani, na mdogo amekwisha kuzoea kunyang'anywa.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikiwa ni pungufu ni bora zaidi. Dakika 10 za tableti ziko ndani kabisa ya mpaka huo, ila ukumbuke kwamba mtoto huyo huenda ana simu ya mama nyumbani jioni. Kinanda hakina skrini ya kutazama, nami nakipendelea kwa sababu hiyo.

Hatua ya 5. Anza bila umeme

Wape kila mmoja bidoni tupu. Wewe piga mara mbili, ngoja, na uwatazame usoni. Watajibu. Piga tena, ngoja. Baada ya mizunguko michache jitoe: inua mikono yako, mtazame mmoja wao, kisha mtazame mwenzake. Wataendelea wenyewe. Dakika mbili zinatosha, nazo zinawapa watoto desturi ya kungoja kabla hawajaonja utamu wa kinanda.

Usiwawekee mwendo wako. Watoto wadogo kwa kawaida hupiga haraka kuliko watu wazima, na mwalimu anayewavuta nyuma kwenye mwendo wa kwaya ya kanisani atadhani hawana mdundo, ilhali wanao, ni wao tu wanakwenda mbio zaidi.

Hatua ya 6. Washa chombo, kaa kando, nyamaza

Onyesha mara moja tu: «Huu upande wako, huu upande wa mwenzako.» Kisha rudi nyuma hatua mbili na uketi. Dakika ya kwanza au ya pili itakuwa ya kelele. Kila mmoja atapiga upande wake kana kwamba yuko peke yake. Mildred Parten, aliyechapisha uchunguzi wake wa watoto wa chekechea nchini Marekani mwaka 1932, aliutaja mchezo wa aina hii, ambamo watoto hucheza kando kwa kando bila kucheza pamoja. Usiukatize. Watoto wanakijaribu chombo, na mtu hawezi kukitumia chombo kumsemesha mwenzake kabla hajajua kinavyosema.

Kinachofuata ndicho cha kuangalia kwa makini, kwa kuwa hupita upesi. Fikiria wasichana wawili, mmoja wa miaka 4 upande wa marimba na mwingine wa miaka 5 upande wa filimbi. Wa marimba anagonga kibonyezo kimoja mara tatu. Wa filimbi anasimamisha mkono, anautazama mkono wa mwenzake, halafu uso wake, kisha anagonga mara tatu kwake. Wa marimba anatabasamu, anagonga tena mara tatu, anajibiwa mara tatu. Mzunguko wa nne anagonga mara mbili, halafu kidole cha tatu anakiacha kinaning'inia juu ya kibonyezo bila kukigusa, macho yake yakiwa kwa mwenzake. Yule mwingine anasubiri, anasubiri, kisha wote wawili wanaangua kicheko. «Weye!» anasema wa filimbi, na mara moja anamfanyia vile vile.

Kidole kile kilichoning'inia ni ushahidi mkubwa kuliko wimbo wowote uliokaririwa. Mtoto hawezi kumtania mwenzake kwa kukosesha pigo la tatu isipokuwa anajua kwamba mwenzake analitarajia. Na mwenzake hawezi kucheka isipokuwa anajua kwamba ametegwa kwa makusudi. Kila mmoja anajua kilicho akilini mwa mwenzake, na anajua kwamba naye anajulikana. Mwalimu aliyekuwa akisema «piga vizuri, fuata mimi» angeliua jambo hilo kabla halijazaliwa.

Dalili nyingine za kutazamia ni hizi: mtoto anangoja mwenzake amalize, anaiga, halafu anaongeza kidogo, wawili wanasimama ghafla kwa pamoja, mmoja anauvuta mkono wa mwenzake na kuuweka mahali, wanaupa mchezo jina, kama vile «mvua» au «kukimbizana», wanarudia kesho yake kile walichokifanya jana.

Zipo programu zinazomjibu mtoto zenyewe. François Pachet, akiwa katika maabara ya Sony jijini Paris, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitengeneza mfumo uitwao Continuator, ambao husikiliza mtu anavyopiga kinanda, na anaponyamaza humjibu kwa mtindo wake mwenyewe. Anna Rita Addessi wa Bologna, Italia, alifanya naye utafiti kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, na watoto walionyesha mshangao, usikivu na hamu ya kupokezana na mashine. Ni kazi nzuri. Ila kwetu sisi, ambao watoto hatujapungukiwa, jibu zuri zaidi linaketi upande wa pili wa mkeka.

Hatua ya 7. Toa shauri moja, siyo agizo

Siku ya pili au ya tatu, kama mchezo umekuwa wa kurudia tu, unaweza kuongeza jambo moja dogo kisha ukanyamaza tena. Uliza: «Ikiwa filimbi imelala, marimba itaiamshaje?» Au: «Mnaweza kusimama pamoja bila mtu kusema?» Swali la kusimama pamoja ndilo bora, kwa kuwa haliwezi kujibiwa bila kutazamana. Swali likikataliwa, liache. Watoto wenye shauri lao wenyewe hawahitaji lako.

Hatua ya 8. Warekodi, kisha msikilize pamoja

Weka simu ya pili kando ikirekodi sauti tangu mwanzo. Mwishoni wachezee dakika moja, siyo yote. Uliza: «Hapa ni nani? Alikuwa anataka nini?» Watoto wa miaka 5 husimulia mengi, wa miaka 3 hunyooshea kidole na kucheka. Kusikiliza huku kunawapa nafasi ya kusema kwa maneno kile walichokielewa kwa mikono, na kila mmoja aseme kwa lugha anayoiweza. Mwenzake akimtafsiria, usimkatize.

Kama utachukua picha za video, omba kwanza ruhusa ya wazazi, na usizitume kwenye makundi ya WhatsApp ya shule. Sauti peke yake inakutosha kwa kazi hii.

Hatua ya 9. Funga mchezo na uandike

Waonye mapema kidogo: «Bado mara moja, halafu tunalaza kinanda.» Ifunue swichi uliyoifunika, na uwaache wao wenyewe wazime. Kabla hujaita jozi nyingine, andika mistari mitatu: nani alianza, nani alibadilisha, walisimamaje. Majina ya noti hayakuhusu. Ukiandika kila siku, baada ya mwezi utaona kwamba mtoto uliyemdhania mkimya ndiye anayebadilisha mchezo kila mara.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Wanagombania upande.* Mara nyingi sauti moja ni tamu kuliko nyingine. Badilisha ile dhaifu, au wabadilishane pande katikati ya muda. Wakiendelea kuvutana mikono, zima chombo bila kukasirika, rudi kwenye bidoni kwa dakika moja, kisha washa tena.

*Mmoja anapiga, mwingine anatazama tu.* Usimsukume haraka. Kutazama kwa makini ni ushiriki, na wapo wanaotazama siku tatu kisha wakaanza kwa kujibu sawasawa. Kama anatazama nje na siyo mikono ya mwenzake, mbadilishie mwenza.

*Wanapiga kwa viganja, na tableti inaacha kutoa sauti.* Skrini nyingi huchanganyikiwa zikiguswa na kiganja kizima. Tafuta programu yenye vibonyezo vikubwa vichache, na ufute skrini mara kwa mara, kwa sababu jasho na mafuta ya mandazi nayo huivuruga. Tatizo likiendelea, rudi kwenye kinanda.

*Baada ya dakika tatu wamechoka.* Angalia kama mdundo wa kujiendesha umewashwa. Chombo kinachocheza chenyewe hakiachi pengo la kujibu. Ukiwa umezimwa na bado wamechoka, basi wamemaliza. Dakika tatu nzuri zinatosha.

*Mtoto mmoja hasikii vizuri.* Ondoa spika kwenye mkeka na uiweke juu ya meza ya mbao au sanduku tupu, kisha mwache aweke viganja vyake juu yake. Sauti nzito husikika mkononi. Mpe upande wa kushoto wa kinanda, wenye milio mizito.

*Umeme umekatika katikati.* Kinanda chenye betri kitaendelea. Kisipoendelea, waambie «Kinanda kimelala, endeleeni kwenye bidoni,» na mara nyingi wataubeba mchezo ule ule. Umeme ukirudi, washa sauti ikiwa chini kabisa kabla hujawarudisha, kwa kuwa baadhi ya vinanda huanza upya kwa sauti ya juu na kwa ubao usiogawanywa. Chomoa adapta mara umeme unapokatika, maana unaporudi huja kwa nguvu isiyo ya kawaida.

*Msimamizi wa shule anauliza wimbo uko wapi.* Swali hili litakuja, hasa mwishoni mwa mwaka, wazazi wanapotarajia watoto wapange mstari na kuimba. Chagua dakika moja ya rekodi ambamo watoto wawili wanapokezana na kusimama pamoja. Kabla ya kuichezesha, waambie wazazi wasisikilize melodia, bali wahesabu ni mara ngapi mmoja anamngoja mwenzake. Kisha waache mama na baba wawili waliokubali waketi wenyewe mkekani, kinanda kikiwa kimefunikwa vile vile kwa karatasi na utepe, na wajaribu kusimama pamoja bila kusema neno.